Makapi Yaliyoshiba

Siku moja ya mwanzoni mwa Julai, mwanangu, hunirudia kila nikiona makapi ya ulezi, na kwa umri huu nimechoka kuibeba peke yangu. Keti nikugawie.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa huku barabarani, upande wa Mpui, na kina mama na wasichana tukaanzisha kikundi cha kutia vitambaa rangi kwa ajili ya duka la kijiji. Maji ya rangi tuliyamwaga kijitoni, mpaka Nyanya Yustina, mjane jirani yangu, alipotukataza. Yeye alizoea kuchuja maji ya majivu kwa chungu chenye matundu apate chumvi ya mboga. Akatuchimbisha shimo kwenye mteremko, akalijaza makapi ya ulezi na magunzi ya mahindi yaliyochomwa yakawa mkaa. Tukimimina maji ya buluu juu, chini yanatoka karibu meupe. Sharti lake lilikuwa moja: kila baada ya mapipa matatu, makapi yote yatolewe, yazikwe mbali na kijito, tuweke mapya.

"Makapi nayo hushiba," alituambia. "Yakishiba hayanywi tena."

Zamu ya kuyabadilisha ilikuwa yangu. Nilikuwa msichana mwenye mikono myepesi na masikio mazito. Wiki hiyo tulikuwa tunakimbizana na sikukuu ya Saba Saba, vitambaa viwahi dukani, baridi inakata vidole, na kupepeta makapi mapya ni kazi, usione. Nikatazama shimo, nikaona juu pasafi. Nikasema kesho. Tukamimina pipa la nne, la tano, la sita.

Kesho yake Nyanya Yustina akashuka kijitoni, chini ya shimo letu, kutazama gunia lake alilolilaza majini. Alikuwa ameloweka ulezi uote kimea, apike pombe ya kumaliza matanga ya mwanawe, Dominiko. Ulezi huo Dominiko aliupanda kwa mkono wake kabla ugonjwa haujamchukua, na mama yake akauvuna akilia. Hakukuwa na mwingine. Aliponiita nilimkuta amefungua gunia. Kijito kilikuwa kimepungua kwa kiangazi, na ulezi wote umekuwa wa buluu.

"Nyanya, makapi yalionekana mazuri juu," nilisema.

"Juu ndiko ulikotazama," akanijibu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa.

Nilimpelekea ulezi wa kwetu, akaupokea kwa mikono miwili. Pombe ikapikwa, watu wakanywa, matanga yakaisha. Siku hiyo akaniita pembeni, akanipa kibuyu nionje.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ila si ya jembe la Dominiko."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimezaa, nimezika, nimezeeka, na aibu ile bado ninayo.

Sasa juzi nimepita kwenye karakana yenu ya kutia rangi, wewe na wenzako. Mmejenga tangi la saruji, mmelijaza makapi kama tulivyowafundisha, nikafurahi. Kisha nikaingiza mkono mpaka kiwiko, ukatoka wa buluu. Wenzako walicheka, wakasema bibi kajipaka rangi. Nikarudi nyumbani, kwa kuwa kusema kumenichosha, na magoti haya hayatanifikisha huko mara ya pili. Ndiyo maana nimekuita.

Nisikilize basi. Chombo ulichokabidhiwa usikikague kwa macho, ingiza mkono. Badilisha makapi kabla hayajashiba, hata siku ya haraka, hasa siku ya haraka. Na kabla hujamimina pipa, jiulize nani ameloweka nini huko chini. Yeye hatakuja kukuuliza, maana amekuamini.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi kama hii yangu, na watu walioko chini kijitoni wasiwe na sababu ya kulijua jina lako ila kwa wema. Chepe liko nyuma ya mlango. Lichukue, uanze leo.