Kibaba cha baruti: mlinzi wa Tanga na daftari la babu wa kizungu, Joburg 2017

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Leo nina la kujisifu na najisifu bila aibu. Chumvi sijatia, yaliyotokea ndiyo haya.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Troyeville. Mwaka huo nilikuwa mlinzi kwa fundi bunduki mmoja kule Kensington, mzee tunamwita Oom Faan. Oom huku ni kama sisi tunavyosema mjomba. Nilianzia getini, akaona mkono wangu umetulia, akanihamishia kwenye mzani wa baruti.

Bunduki zenyewe nilikuwa sizigusi. Sheria ya huku haina utani.

Kwa msiojua: wawindaji wengi hawanunui risasi mpya kila safari. Wanachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, wanayajaza baruti na kichwa cha risasi upya. Kiasi cha baruti kinatoka kwenye kitabu, wenyewe wanaita data. Ukizidisha, bunduki inakupasukia usoni, na hapo pole haisaidii.

Basi siku moja ya baridi mwezi Juni akaingia mzee Hennie na bunduki ya babu yake. Ana daftari la babu, ana na kijiko kidogo kilichotengenezwa kwa ganda la risasi lililokatwa. Daftari linasema kijiko kimoja, kijae hadi ukingoni.

Jumamosi anakwenda kuwinda.

Kitabu chetu kipya kilikuwa na kipimo kidogo kuliko alichozoea kusikia kwao. Hennie akacheka sana.

"Vitabu vya siku hizi vinaandikwa na mawakili waoga. Babu alitumia kijiko hiki miaka arobaini, akazikwa na macho yake yote mawili!"

Baruti ya babu haitengenezwi tena, kwa hiyo alikuwa amenunua ya kisasa. Kwake yeye baruti ni baruti.

Nikachungulia lile kopo. Punje ndogondogo, laini. Nikakumbuka sokoni kwetu!

Wakuu, mama yangu anauza nafaka. Nimekulia kwenye kibaba mimi. Kibaba cha makopa ya muhogo yaliyovunjwa kina mapengo ndani, kibaba cha mchele kimeshiba kweli. Chombo kimoja, uzito mbalimbali. Mtoto yeyote wa sokoni anajua.

Nikasema, "Oom, samahani, naomba nikipime hicho kijiko."

Hennie akanikata jicho. "Huyu si yule wa getini?"

Oom Faan akakuna kidevu. "Pima. Ila ukinifukuzia mteja bure, unarudi getini."

Eish! Nikajaza kijiko, nikamwaga kwenye mzani. Ikavuka kipimo cha juu kabisa cha kitabu, na si kwa punje mbili tatu.

Hennie akawaka, eti mzani mbovu.

Nikashusha kopo la kutu ambalo Oom Faan aliliweka kama kumbukumbu, baruti ya enzi za babu. Punje ndefu kama vijiti. Kijiko kilekile, mzani uleule. Ikaja nyepesi mbali kabisa.

Hennie akainama kuusoma mzani mwenyewe.

Nikamweleza habari za makopa na mchele. Nikamwambia babu yake hakukosea, kijiko chake kilikuwa cha baruti yake.

Hennie akavua kofia, akakaa. "Jumamosi ningeweka shavu langu kwenye bunduki ile," akasema taratibu.

Akajaza kwa kitabu kipya, akianzia kipimo cha chini.

Jumatatu akarudi na mfuko wa biltong, nyama kavu ya kudu, yaani tandala, akaniulizia kwa jina. Akafungua daftari. Maneno ya kijiko kimoja alikuwa ameyakata kwa mstari. Akanipa kalamu niandike kipimo kipya, kisha akataka niweke na jina.

Pale pana jina la babu, la baba yake, na lake. La nne ni langu: Salim, Tanga.

Funzo: data ya zamani si uongo, ila ni ya vitu vya zamani. Na ulichojifunza kwenu usikionee haya ugenini.

Mafundi, wawindaji, wauza nafaka, shusheni visa vyenu hapa chini. Wabishi pia karibuni, mzani ninao.

Ah, nilimpigia mama kumsimulia. Akasema, "Mwanangu, mie miaka yote nilidhani nauza makopa tu."