Daraja Lililopakwa Rangi Mara Nane

Katika eneo la uchaguzi la Kallahole, wengine walifanya siasa kwa mdomo. Irappa Badiger aliifanya kwa brashi. Tangu mwaka 1983, kila kinyang'anyiro cha bunge la jimbo kilipokaribia, alitoka na ngazi yake ya mianzi akachora Taa ya chama hiki kwenye ukuta huu, Jembe la chama kile kwenye ukuta wa pili. Hakumbagua mtu. Tarehe ya kura ikishatangazwa, maofisa waliamuru kuta zifutwe pasiwe na upendeleo, na aliyeitwa kuzipiga chokaa alikuwa Irappa huyohuyo. Alifuta kwa bidii ileile aliyochorea.

Chini ya kila alama aliandika ahadi za mgombea. Zilikuja na kupita, ila moja haikukosekana hata siku moja: daraja la mto Kenchi. Wakati wa kiangazi mto huo ni wa kuchekesha, mbuzi wanauvuka huku wakitafuna. Mvua zikishika Juni, hauchekeshi tena mpaka Oktoba.

Mkewe Gouravva alizaliwa ng'ambo ya Kenchi, na mama yake, Tippavva, alibaki huko peke yake. Kumfikia wakati wa mvua ilibidi kuzungukia mjini, mabasi mawili na siku nzima, na nyati wao wa kufugwa, wa kukamuliwa kila siku, angeachiwa nani? Basi miezi mitano ya kila mwaka, mama na mwana walisimama kingoni wakapigiana kelele juu ya maji: umekula, umepona kikohozi, nani kazaa. Simu ya mkononi ilipofika kijijini, Tippavva aliikataa katakata. Hakuwa na haja ya sauti isiyo na uso.

"Baba Sharada," Gouravva alikuwa akimtania mumewe, kwani Sharada ni binti yao, "hilo daraja umeshalipaka mara ngapi?"

"Hii ya nane."

"Rangi imeshika?"

"Imeshika barabara."

"Haya, kesho nitapita juu yake nikamsalimie mama."

Irappa alicheka, akachovya mkate wake wa mtama kwenye chatine ya pilipili. Kazi ni kazi. Kama angechagua ahadi za kuandika, wanawe wangelala njaa.

Ukafika mwaka 2018. Tippavva alikuwa amepita themanini na magoti yamegoma, hafiki tena kingoni. Msimu wote wa mvua uliopita Gouravva alikuwa amesimama pale akiutazama mgomba wa jirani ng'ambo, pale mama yake alipozoea kusimama. Mwaka huo hakutania.

"Mimi sina shida na mbunge," alisema huku anakamua, mgongo kamgeuzia mumewe. "Nataka nimshike mama mkono kabla hajafa. Hao wanasema uongo, sawa, ndiyo kazi yao. Lakini anayeuandika kwa herufi nzuri ni nani?"

Irappa aliumia, na aliumia zaidi kwa kuwa herufi zake zilikuwa nzuri kweli.

Ukuta uliogombewa kuliko wote ulikuwa wa kinu cha mafuta pale njia panda. Mbunge Veerangouda, aliyekuwa ameshinda mara tatu kwa vyama vitatu tofauti, alituma watu wake mapema.

"Irappanna, kaka yetu," walisema, "Mheshimiwa Veerangouda anataka Taa kubwa, na daraja chini yake."

"Mwambieni daraja lake nitaliweka," akajibu Irappa.

Akamwomba ruhusa mwenye kinu, akapiga chokaa safi, akapanda ngazi. Hakuchora Taa wala Jembe. Aliandika mwaka, jina la aliyeshinda, na alichoahidi. 1983, baba yake Veerangouda: daraja. 1985, baba huyohuyo tena: daraja. 1989, mwalimu mstaafu: daraja. 1994, mfanyabiashara wa pamba: daraja. Kisha 1999, mwalimu tena, akifuatwa na Veerangouda mara tatu mfululizo: daraja, daraja, daraja na daraja. Chaguzi nane, herufi za kimo cha mtoto, bila neno moja la matusi.

Ofisa wa uchaguzi alishuka kwenye gari lake, akasoma kutoka juu hadi chini, akajikuna kisogo.

"Hii ni kampeni, mzee?"

"Historia, bwana mkubwa. Kuna kosa? Nishike brashi nirekebishe?"

"Kosa sioni," alisema ofisa, na alionekana kusikitika kwa hilo. Akaondoka.

Watu walikuja kwa baiskeli na kwa mikokoteni ya ng'ombe kusoma ukuta. Waliocheka walicheka, wengine wakahesabu kwa vidole. Veerangouda alishindwa kwa kura mia nne na kumi na mbili na Sangamesh, daktari wa mifugo asiye na chama, ambaye tume ya uchaguzi ilimpa alama ya mswaki. Huyo hakusubiri kuandikwa ukutani. Wiki moja baada ya kuapishwa alileta wapimaji.

Lakini daraja si chokaa. Mvua zilizofuata, alfajiri moja, jirani wa Tippavva alisimama ng'ambo akamwita Gouravva kwa jina lake, mara moja tu, akashindwa kuendelea. Mabasi yale mawili yalimfikisha jioni. Walikuwa wameshamzika mama.

Mwaka wa pili daraja likakamilika. Sangamesh alikuja na ngoma, mashada na utepe, akamwomba mke wa mpaka rangi awe wa kwanza kuvuka. Gouravva alivuka bila kumtazama mtu, hadi nyumbani kwa mama yake. Mlango ulikuwa na kufuli. Akakaa kizingitini, majirani wakamletea kikombe cha mtindi, akanywa, akarudi.

Irappa alikuwa akimngoja mwisho wa daraja, nguo zake zikiwa safi, bila doa la rangi.

"Nimehesabu," Gouravva alimwambia taratibu. "Ni hatua themanini na sita, baba Sharada. Hatua themanini na sita tu."