Mchora Kadi wa Kasongo na Kitenge Kilichopauka

Saa nne asubuhi, sokoni Kasongo, Faridah Ayoubu ameinamia kompyuta. Nyuma yake amesimama Mama Cécilia, mikono kiunoni. Kwenye skrini kuna kadi ya harusi: umbo la jani, limejazwa rangi ya machungwa iliyofifia.

"Haya ni mawese ya kutia maji," anasema Mama Cécilia. "Siwezi kupelekea watu aibu."

"Mama, mi nilipiga tu kikwembe chako picha."

"Basi picha yako iko mugonjwa."

Mama Cécilia ametoka Kabambare kwa pikipiki, siku mbili za matope. Anamwoza binti yake, Laura, na anataka kadi zifanane na kikwembe hicho, kitenge alichovaa kwenye ndoa yake mwenyewe. Alikinunua marehemu mumewe.

"Baba ya Laura hatakuwako," anasema. "Rangi yake lazima iingie."

Faridah, mama wa watoto watatu, zamani alichuuza samaki wa Nyangwe. Kaka yake Kamaldine alipoleta kompyuta, alijifunza kwa kuchungulia. "Yeye alichoka, mi nikakaa," anasema. Jua likiwaka, paneli ya umeme humpa hadi faranga elfu ishirini kwa siku. Wingu likitanda, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Hii ni kazi yake ya kwanza kutoka Kabambare. Ikiharibika, habari itafika huko kabla mteja hajashuka kwenye pikipiki.

Anakoleza wekundu.

"Sasa iko damu," anasema Mama Cécilia.

Faridah anaiacha kompyuta, anakipapasa kitenge kilicho mezani mpaka chini kwenye pindo. "Mama, nifumue pindo kidogo?"

Mama Cécilia anakivuta kitenge kwake. Pindo hilo alilishona kwa mkono wake wiki ya harusi, na halijawahi kufunguliwa. Mwishowe anatoa wembe kibegini.

"Vidole viwili tu. Ukipasua, tutajuana."

Ndani ya mkunjo, ambako jua na sabuni havikufika, rangi ni ya mawese yaliyotoka kukamuliwa. Faridah anapiga picha mbili, ya ndani na ya nje. Anajaza jani upya: juu rangi ya pindo, chini ile iliyopauka, na katikati moja inayeyukia nyingine bila mpaka. Mafundi huiita degrade.

Kidole cha Mama Cécilia kinateremka polepole kwenye skrini.

"Huku juu iko siku ile. Huku chini iko mimi, na sabuni yote ile." Anacheka mpaka anapangusa macho. "Chapa, mutoto yangu."

Kadi zikishafungwa kwenye nailoni, Mama Cécilia anauliza kwa nini watu wa Kabambare waendelee kuvunja migongo kwa ajili ya karatasi. Ana chumba huko kinachotazama barabara, kitupu; Faridah aje achapie humo.

Faridah amekubali.

"Mwezi wa sita, mvua ikikatika, nitafunga mashine ya kuchapa mu godoro, nipande nayo pikipiki," anasema. "Laura akizaa, bibi hatasafiri kufuata kadi za mutoto. Atanigombeza huko huko kwake."