Habari ya Mafuta Niliyokataa Kuiamini

Mama mkubwa wangu, dada wa kwanza wa mama, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuna ujumbe uliowahi kumfikia ukafia kwake. Enzi za barua pepe alitutumia zile za mnyororo, watumie watu kumi na wawili kabla jua halijazama, la sivyo mkosi utakukuta. Zilipohamia kwenye grupu la familia, naye akahama nazo. Maji ya bamia yanayeyusha mawe ya figo. Simu ikiita kwa namba fulani usipokee, inaunguza sikio. Yeye alikuwa Missouri City, pembeni ya Houston, Texas, kwa binti yake ambaye ni nesi. Mimi nilikuwa Cedar Hill, Texas hiyohiyo, mwendo wa saa nne kwa gari, na bado kila asubuhi niliamka nikakuta ameshaniletea misiba ambayo haijatokea.

Mimi nimekulia Kariakoo, nyuma ya meza ya vitenge. Mtu akiniambia bei naihesabu mara mbili, na akiniambia habari naanza na mfuko wake, anafaidi nini. Kwa hiyo nilijipa kazi ya kumsahihisha. Houston ilipofurika mwaka 2017, alituma picha ya mamba amekaa kwenye kochi la mtu, ati mtaa wa pili kutoka kwao. Niliikuza ile picha, nikaandika kwenye grupu: "Mama mkubwa, tazama soketi ukutani. Matundu matatu ya mstatili, kama za kwetu. Huyu mamba ni Mtanzania, labda anatafuta visa."

Ndugu walicheka siku nzima. Yeye alijibu mstari mmoja tu: "Wewe unatazama soketi, mimi natazama mamba."

Maji hayakuingia kwao, yaliishia kwenye nguzo ya sanduku la barua. Yalichoharibu ni safari yake. Alikuwa anarudi Morogoro moja kwa moja. Wajukuu walishakua, wanamjibu kwa Kiingereza, na magoti yake yalishachoka na baridi ya kiyoyozi. Ndege iliahirishwa, kisha akapangiwa Jumapili. Tukakubaliana niende Jumamosi, nilale, asubuhi nimpeleke uwanjani. Na nimpelekee sufuria lake.

Sufuria hilo alikuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani, kubwa la pilau ya shughuli, lina mbonyeo ubavuni. Nililiazima kwa ajili ya akika ya mwanangu, likalala gereji kwangu tangu hapo. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba alikuja nalo na atarudi nalo.

Alhamisi ikaja nyingine. MAFUTA YANAISHA TEXAS NZIMA. MITAMBO IMEZAMA. JAZA TANKI LEO. MTUMIE KILA UNAYEMPENDA. Sikuwa nimemaliza kuguna, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejaza?"

"Mama, hata hali hujaniuliza."

"Hali yako naijua. Umejaza?"

"Ninayo nusu. Na mafuta yapo, nimesikia serikali wenyewe wanasema yapo."

"Yapo wapi, kwenye redio?"

"Yapo. Ni watu tu wanatishana. Leo bei imepanda kwa ajili ya maneno. Nikijaza leo nitakuwa nimenunua uongo kwa bei ya rejareja. Kesho kutwa wakitulia itashuka, najaza, nakuja."

Nilisikia anatafuna kitu, nadhani karanga.

"Ile sukari, ulipokuwa mdogo. Waliosema imeisha, walisema kweli?"

"Hawakusema kweli. Ilikuwa imejaa maghalani."

"Na wewe chai ulikunywa na nini?"

"Na tangawizi."

"Haya. Uongo wakishauamini wote, mkweli anatembea kwa miguu. Jaza tanki, mwanangu."

Nilicheka. Nilimwambia aniwekee pilau, nitakuja na njaa.

Ijumaa jioni foleni zilikuwa zimetoka sheli hadi barabarani. Jumamosi asubuhi nililipakia sufuria kiti cha nyuma, nikalifunga mkanda lisigongegonge, nikaingia mtaani. Pampu zote zilikuwa zimefunikwa mifuko ya njano, alama kwamba zimekauka. Nikajaribu Duncanville, nikashuka hadi Waxahachie, na kila nilipozunguka ndipo ile nusu ilipozidi kuwa robo. Robo ingenifikisha Corsicana, hata nusu ya njia ya Houston bado, na kunitelekeza mbele yake kidogo.

Na serikali haikudanganya. Mafuta yalikuwepo, ila kila mtu alikuwa amejaza siku moja, na malori hayakuwahi.

Sheli moja ilikuwa bado inatoa. Nilisimama kwenye foleni kwa saa mbili, magari matatu mbele yangu ikakauka. Pembeni kulikuwa na mzee mmoja mwenye pikapu, amepanga madumu nyuma kama anakwenda vitani. Nikamfuata. Nikamwomba aniuzie dumu moja kwa bei mara mbili, kisha mara tatu. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza anakwenda wapi na mafuta yote hayo. Haendi popote, ameona tu kwenye simu. Nimeuza na kununua tangu utotoni, na ndiyo mara ya kwanza kukutana na mtu ambaye hakuwa na bei.

Basi la Houston lilikuwa limejaa. Marafiki wawili niliowajua wana matanki kamili walikuwa zamu hospitali.

Jumapili mama mkubwa alinipigia akiwa uwanjani. Binti yake alikuwa amempeleka akitoka kazini, na nguo za kazi mwilini.

"Sufuria liko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye gari. Nimelifunga mkanda."

"Lifungue lipumue. Utaniletea."

"Nitaleta, mama."

Nilikuwa nasubiri aseme nilikuambia. Nilikuwa nimeshapanga na jibu. Hakusema. Aliniuliza kama mtoto ameacha kukohoa, akaniambia foleni yake inasogea, akakata.

Kutoka Morogoro jumbe zilipungua, bando lilikuwa ghali. Nilijikuta nafungua grupu asubuhi na kulifunga. Nauli za Desemba kwenda nyumbani zilikuwa juu, nikasema zitashuka. Mwaka uliofuata hazikushuka sana. Mwanzoni mwa 2019 akafariki, na mimi nikaipata habari kwa simu, kama habari zake zote zilivyonifikia. Ile moja niliisoma mara mbili, nikatafuta soketi ukutani, sikuiona.

Alipotimiza mwaka, mwanzoni mwa 2020, dada yangu, yule binti yake, akanipigia. Alikuwa anaandaa dua ya mama, palepale kwake Missouri City.

"Kaka, lile sufuria bado unalo?"

"Ninalo."

"Utakuja nalo?"

Nilimwambia nitakuja. Mafuta yalikuwa tele kila kona, bei ya chini, hakuna aliyetuma neno lolote. Nilitoka nikajaza tanki siku ileile. Dua ilikuwa wiki mbili mbele.