Mlamba Chumvi wa Barabara ya Luchelele

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, jua limeshaanza kutoka. Sikuwa nimelewa. Mimi pombe siijui.

Nauza vitenge hapa Mwanza na nakaa Buhongwa. Mbio nilianza ukubwani, baada ya daktari kuniambia sukari imeanza kupanda. Marehemu baba alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vidonda, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikajiunga na wenzangu wa jogging, sukari ikashuka. Mbio ndiyo dawa yangu, nielewe hapo.

Lakini usidhani mbio ni kitu kisafi. Watu wanaona fulana za rangi na picha za kumaliza mashindano. Hawaoni kucha za miguu zinazogeuka nyeusi na kung'oka zenyewe ndani ya soksi, kwa kuwa mguu huvimba ukikimbia, na kiatu kisipozidi kidogo kinazibana. Hawaoni makamasi tunayopenga barabarani. Na jasho likikauka huacha chumvi nyeupe shingoni, ukipitisha kidole inabanduka. Mimi natoa chumvi kuliko wote. Rafiki yangu Juma alizoea kunitania kwamba nikikaa vibaya mbuzi watanifuata.

Tuna desturi moja kwenye mbio ndefu. Upepo wa ziwa ukikaza, mmoja hutangulia kuukata na mwenzake hukaa nyuma, maana ukiwa nyuma huchoki sana. Kisha mnabadilishana. Mkimbiaji akikuomba kukaa nyuma yako humkatalii, hata kama humjui. Hilo ndilo lililoniponza.

Jumapili hiyo nilikuwa peke yangu barabara ya Luchelele, narudi kuelekea Nyegezi. Vile vijidudu vya ziwani vilikuwa vimepanda kama moshi, nimefunga mdomo nisivimeze. Kijana mmoja akatokea ubavuni.

"Shikamoo kaka. Upepo mkali leo. Naomba nikae nyuma yako mpaka Nyegezi, halafu na mimi nitakupokea."

"Marahaba. Karibu."

Baadaye ndipo nikajiuliza. Tulikuwa tunapanda mlima. Nani anasema maneno yote hayo mlimani bila kuhema? Mkimbiaji humsikia mwenzake kwa pumzi na vishindo vya miguu, na yule hakuwa na kimoja wala kingine. Mdomo wake aliuacha wazi, vijidudu vinaingia, hakohoi.

Kwanza nikasikia harufu ya dagaa walionyeshewa mvua kabla hawajakauka. Halafu kitu cha moto, chenye majimaji, kikaanzia kwenye ukosi wa fulana, kikapanda taratibu mpaka kwenye nywele. Kilikuwa kinakwaruza. Kikarudi chini, kikaanza tena. Wallahi, alikuwa ananilamba.

Niligeuka. Alikuwa amefumba macho kama mtoto anayenyonya. Ulimi mpana wa kijivu ulining'inia hadi kidevuni, vijidudu vimenata juu yake. Fulana yake ilikuwa kavu kabisa, haina hata tone la jasho.

"Una chumvi nzuri, kaka," akasema. "Bado kidogo tu."

Nilikimbia huku natapika. Sijui kama umewahi kutapika ukiwa mbioni. Yote yanakurudia kifuani. Nilisimama kwa mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na njia panda. Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Nikataka kuamini nimeota, lakini yule mama aliitazama shingo yangu, akakunja uso.

"Baba, ng'ombe gani kakulamba hivyo?"

Nikashika. Ulikuwa ute mzito, unavutika, umejaa mabawa ya vijidudu.

Nimesugua kwa sabuni ya kufulia, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu iliondoka. Ila tangu siku hiyo jasho langu halina chumvi. Nimelionja, ni maji matupu. Chakula nacho hakina ladha, na mke wangu ameficha kopo la chumvi baada ya kunikuta naila kwa kijiko.

Hayo ningeyavumilia. Sasa Jumamosi moja, tumemaliza kukimbia, Juma akainama kufunga kamba za viatu, kanipa mgongo. Shingo yake ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Mate yakanijaa mdomoni, yakanidondoka. Nilipozinduka, pua yangu ilikuwa nyuma ya sikio lake.

"Vipi, mbona unaninusa?" akauliza, anacheka.

Sikwenda tena kwenye jogging. Nakwambia kweli, naona kinyaa na mdomo wangu mwenyewe. Lakini sukari imeanza kupanda tena, na kidole kimoja cha mguu kina kidonda kisichotaka kufunga, kwa hiyo nalazimika kutoka asubuhi, peke yangu. Nikimwona mkimbiaji mbele, navuka barabara. Mpaka sasa nimeweza.

Wewe unayekimbia huku kwetu, mtu akikuomba kukaa nyuma yako, mkatalie. Akikusalimia kwa adabu, mkatalie. Na ukigeuka ukakuta ni mimi, usisimame kunisikiliza.