Jiko la Umeme Lililonivisha Koti

Baba wa msichana niliyemtaka alinikataa kwa maneno machache, na mpaka leo nayakumbuka yalivyotoka kinywani mwake: "Mimi siozeshi binti yangu kwa mwosha vyombo." Aliyasema uani kwake Mbekenyera, mbele ya mjomba wangu aliyekuwa amenipelekea posa, kisha akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Alipoona mjomba haondoki akaongeza kwamba yuko mtu wa Matambarale, mwenye baiskeli na mikorosho, na huyo atajibiwa ufuta ukishavunwa. Basi nikawa nimepewa muda mpaka mavuno, ingawa mwenyewe hakusema kwamba ananipa chochote.

Niliumia, sitaficha. Niliumia zaidi kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa Nachingwea, kwenye maabara ndogo iliyopima mbegu za mafuta, na kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Kila asubuhi nilisimama kwenye karai na kusugua vyombo vya kioo vya kila umbo, vyembamba, vinene, vyenye shingo ndefu. Nilipokwenda nyumbani Nkowe vijana wenzangu waliniuliza kama Wazungu wananifundisha pia kukaanga mayai. Nilikuwa mwepesi wa hasira enzi zile, na mara mbili tulitenganishwa na watu.

Maabara ile ilikuwa na watu wanne. Kulikuwa na mkemia, Mzungu mpole aliyezungumza Kiswahili cha kitabuni, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kulikuwa na msaidizi mkuu kutoka Tanga, mtu wa makoti meupe yaliyonyooshwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Kulikuwa na msaidizi wa pili, na mimi kwenye karai langu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbegu za karanga au ufuta zilisagwa, zikawekwa ndani ya bomba la kioo. Chini ya bomba ilikaa chupa yenye tumbo la mviringo iliyotiwa etha, dawa nyepesi inayowaka upesi kuliko petroli. Chupa ilipopashwa moto, etha ilipanda kwa mvuke, ikapoa juu, ikadondokea mbegu tone kwa tone na kurudi chini ikiwa imebeba mafuta. Mwishoni etha ilifukuzwa, mafuta yakabaki chupani, yakapimwa kwenye mizani. Moto wetu ulikuwa beseni la maji juu ya jiko la mafuta ya taa. Etha na jiko lenye ulimi wa moto, chumba kimoja. Kila mtu alijua kwamba siku moja mambo yataharibika.

Yakaharibika. Mvuke ulivuja, ukashuka mpaka kwenye jiko, na msaidizi wa pili akaungua mkono. Mimi nilimwaga ndoo ya mchanga nilioutumia kusugulia masufuria, moto ukazimika. Yule ndugu alipona, lakini aliporudi kwao Masasi alituma salamu kwamba hatarudi tena, na sikumlaumu. Nafasi yake ikabaki wazi, na koti lake likabaki limening'inia msumarini. Nilikuwa nikilipita kila siku nikilitazama kwa jicho la pembeni.

Nilipopiga moyo konde na kumwambia mkemia kwamba naitaka nafasi ile, hakucheka. Alisema ataangalia. Msaidizi mkuu ndiye aliyecheka. "Mdogo wangu," akaniambia tulipobaki wawili, "ukitoka kwenye karai nani ataosha? Tulia. Bwana ameshaandika barua Dar es Salaam atafutiwe mtu aliyesoma." Kwa hiyo nikawa na watu wawili wa kukimbizana nao, yule wa Dar es Salaam na yule wa Matambarale.

Kabla mtu wa Dar es Salaam hajafika, yakafika majiko. Mkemia alikuwa ameapa kwamba moto wa wazi hautaingia tena chumba kile, akaagiza jiko la umeme la kupashia chupa za mviringo. Muuzaji akaleta matatu ndani ya sanduku moja tuchague, mawili tuyarudishe kwa treni ya wiki ile ile. Lilipofunguliwa nilikuwa mlangoni na kitambaa changu begani.

Hayakufanana na jiko lolote nililowahi kuliona. Kila moja lilikuwa bakuli laini lililofumwa kwa nyuzi za kioo, na ndani ya mfumo ule zilifichwa nyaya za umeme. Chupa ilitakiwa kukaa humo kama chungu kinavyokaa kwenye ngata kichwani mwa mama. Nasema hivyo kwa sababu mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mimi nimekulia katikati ya vyungu vyenye vitako vya mviringo ambavyo bila ngata havisimami. Nilipoyaona majiko yale nilihisi kama nimekutana na ndugu ugenini.

Moja lilikuwa kubwa, la kutosha chupa ya lita nzima, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa, lina kitufe cha kuongezea na kupunguzia moto. La pili lilikuwa la wastani, zuri pia. La tatu lilikuwa dogo, la kijivu, limenuna kama kitu kilichosahauliwa stoo.

Msaidizi mkuu alisimama mbele ya lile jekundu akawa haondoki. "Hili, Bwana," akasema. "Kubwa linabeba chupa kubwa na linabeba ndogo. Dogo linabeba ndogo tu." Mkemia akatikisa kichwa kukubali, maana neno lilisikika lina akili. Chupa zetu zote zilikuwa za robo lita, lakini nani ajuaye kesho.

Mimi nilikuwa nimeshalichukua lile la wastani na kulipindua. Sikuambiwa nifanye hivyo. Ni mazoea tu: mama hakununua wala kuuza chungu bila kukigeuza atazame kitako. Chini palikuwa na kibati chenye maandishi, na shule ya misheni ilinitosha kusoma namba. Palisema volti mia na kumi. Jenereta yetu ilikuwa inatoa mia mbili na thelathini, na hiyo niliijua kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa rangi ukutani, juu ya karai langu, nikiitazama kila siku nikisugua.

"Bwana," nikasema, "hili tukilichomeka litaungua."

Mkemia akalichukua, akasoma, akanitazama. Akageuza na yale mawili. Hayo yalikuwa sawa na umeme wetu. Lile la wastani likarudi sandukuni bila ubishi. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nilikuwa nimeshapanda mori.

"Na hili jekundu pia silipendi," nikasema.

Msaidizi mkuu akageuka polepole. "Wewe hulipendi."

"Silipendi, kaka. Chupa itaogelea humo."

Alitaka kunifukuza nirudi karaini, lakini mkemia aliinua mkono, akaniambia nieleze. Nilijua ninachokiona, ila nilikijua kwa macho ya kinyumbani, siyo kwa lugha ya maabara. Nikaomba dakika moja. Nikatoka nje, nikang'oa unyasi mkavu kando ya ukuta, nikarudi nao. Msaidizi mkuu aliangalia unyasi ule kama nimeingia na nyoka.

Mama yangu alipomchagulia mteja kifuniko cha chungu, alipitisha unyasi kati ya kifuniko na mdomo. Ukipita, mvuke utapita. Ukibanwa, chukua kifuniko chako uende. Basi nikaweka chupa yetu ndani ya jiko jekundu, nikauteremsha unyasi ubavuni. Ukashuka wenyewe karibu mpaka chini. Nikauzungusha pande zote, ukazunguka bila kugusa kitu; chupa ilikuwa imegusa jiko kitakoni tu, mahali padogo pa kutosha shilingi. Nikahamisha chupa kwenye jiko la kijivu. Unyasi ukakwama juu kabisa. Nikausukuma, ukavunjika.

"Nyaya ziko bakuli zima," nikasema. "Humu kwenye jekundu zitapasha hewa. Zisipopata chupa ya kuipa joto lao, zitajiunguza zenyewe. Na sisi tuna etha."

Mkemia akasema tujaribu, kwa maji kwanza. Tukatia maji kiasi kile kile, tukawasha jekundu. Tukangoja sana. Maji yalikuwa bado yametulia wakati harufu kama ya nywele zinazoungua ilipoanza kupanda, na pembeni, pale unyasi ulipokuwa ukizunguka bila kugusa, ule mfumo wa nyuzi ukaanza kubadilika rangi ukawa kahawia. Mkemia akachomoa waya mwenyewe, haraka. Likapoa. Tukawasha la kijivu. Halikunuka, halikulia, halikuonyesha lolote, na baada ya muda mfupi maji yakachemka kwa utulivu kama chai ya mtu mwenye subira.

Nilifurahi mno. Nilikuwa na furaha ya kihuni, ya kutaka kuruka, na nilishikilia ukingo wa meza nisiruke. Msaidizi mkuu alikwenda dirishani, akasimama akitazama nje. Kisha, na hili nampa haki yake, akaenda msumarini, akalichukua lile koti, akalikung'uta vumbi na kunirushia. "Lipige pasi," akasema. "Usinitie aibu."

Mkemia akaandika barua ya pili Dar es Salaam, kwamba mtu hatakiwi tena.

Wiki hiyo hiyo nilimtuma mjomba Mbekenyera na ujumbe wa adabu wenye kiburi ndani yake: kama mzee ana nafasi, aje Nachingwea na ufuta wake, nimpimie mafuta yake. Sikudhani atakuja. Alikuja na lori la mazao, amevaa kanzu safi, ufuta wa kwanza wa msimu umefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Alisalimia, akakaa kwenye kiti nilichompa, akalitazama koti langu.

Niliusaga ufuta wake, nikauweka kwenye bomba, nikakalisha chupa kwenye jiko la kijivu. Alikaa asubuhi nzima akitazama matone yakianguka. Nilipofukuza etha na kupima, nikamwonyesha: mafuta yaliyobaki chupani yalikaribia nusu ya uzito wa ufuta alioleta. Akainama, akanusa.

"Ni ya kwangu haya?"

"Ni ya kwako, baba. Yako tupu."

Tulikuwa tumeshapata mwosha chupa mpya, na alikuwa amesimama pale akingoja nimpe chombo. Sikumpa. Nilimimina mafuta ya mzee kwenye kichupa aende nacho nyumbani, kisha nikakunja mikono ya koti, nikaenda kwenye karai langu la zamani na kuanza kuosha. Niliosha mbele yake makusudi, taratibu, kwa mchanga laini na sabuni na maji ya mwisho yaliyo safi kabisa. Nilikuwa nimeibeba ile sentensi yake tangu siku ya posa na nilitaka kuirudisha kwa mwenyewe.

"Chupa isingeoshwa hivi," nikamwambia bila kugeuka, "ungeonyeshwa mafuta ya karanga za mtu mwingine ukaambiwa ni ya ufuta wako. Mizani haijui mafuta ni ya nani. Anayejua ni mwoshaji."

Nilisikia kiti kikisogea. Alipokuja kusimama kando yangu alinyoosha mkono, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anaomba kitambaa. Nikampa. Akaipokea chupa ikiwa bado inadondosha maji, akaifuta kitako, akaifuta tumbo, akaingiza ncha ya kitambaa shingoni na kuizungusha. Akaiinua dirishani, akatafuta doa, asilione. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwambie mjomba wako arudi," akasema. "Na binti yangu akikuuliza, usimfiche kwamba unaosha. Kwetu pale kazi hiyo yeye haipendi kabisa."