Yusnidar Amjibu Mama wa Kitabuni

Insha ya kwanza ya Yusnidar ilimchekesha Mwalimu Wening hadi akavua miwani. Darasa la watu wazima lilikuwa limepewa kitabu cha zamani cha mama mmoja wa Ulaya, anayelalamika kwamba mwanamke huingia nyumba ya mume mikono mitupu na akifukuzwa hutoka vivyo hivyo. Kila mtu aandike kimemgusa vipi. Yusnidar, muuza krispi za muhogo mwenye miaka arobaini na minane, akamhurumia mwenzake kwelikweli. "Pole, mama," aliandika. "Mtolee mumeo begi lake la nguo kwenye ngazi, arudi kwa mama yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ni mgeni."

"Umemshauri vizuri," mwalimu alisema. Mtu wa Java yule, kisiwa kingine, adabu nyingi. "Lakini wewe mwenyewe sikuoni humu, mama. Ijumaa niletee nyingine, la sivyo jina lako haliingii kwenye orodha ya mtihani."

Bila mtihani hakuna cheti cha sekondari, na bila cheti hakuna kiti kwenye baraza la kijiji. Kiti hicho Yusnidar alikitamani kama mjamzito anavyotamani embe bichi.

Alhamisi mchana akakaa jikoni na daftari. Kalamu ikagoma. Alalamikie nini? Nyumba anayo, shamba la mpunga analo, mume anamwogopa kiasi chake.

Sebuleni alikuwapo mdogo wake Syafril, mkuu wa ukoo, ambaye watu wote humwita Datuk, pamoja na wajomba wawili. Akawapelekea kahawa.

"Ghala la mpunga tunalivunja, Dada," Syafril alisema. "Pale tutaweka banda la pikipiki."

"Nani kaamua?"

"Ukoo."

"Na mimi je?"

"Wewe si ndiye mwenye ghala!"

Alisema kwa upole kabisa, kama anayempa zawadi. Wajomba wakatikisa vichwa kukubali, wakaomba sukari.

Yusnidar aliporudi jikoni kalamu ilikimbia. Aliandika maneno yale kama yalivyo, na sukari yao. Akaandika kwamba yule mama hana nyumba lakini anasema. Yeye nyumba anayo, na msemaji ni mdogo wake ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi utotoni.

Syafril akaja kutafuta maji, akachungulia begani kwake.

"Umeniandika mimi!"

"Jina lako liko wapi hapo?"

"Ma-Datuk wangapi wana dada anayesoma uzeeni? Nifute, Dada. Insha zinasomwa mbele ya watu!"

"Nikikufuta inabaki pole peke yake. Nitafeli."

"Na mimi sikusema hivyo."

"Ulisemaje? Hebu rudia."

"Nilisema, wewe si ndiye mwenye..." Masikio yakamwiva. Si mtu mbaya Syafril. Ila tangu apewe cheo hakuna aliyewahi kumwambia arudie neno lake alisikie.

"Kwa hiyo hutaki livunjwe," alisema.

"Sijasema sitaki. Sijaulizwa."

Syafril akaiweka glasi chini, maji hakuyanywa. Kisha akaenda kuwaambia wajomba wasiondoke, Dada anakuja, na safari hii haleti sinia.

Walibishana hadi adhana ya magharibi, mjomba mmoja akanuna, ghala likaachwa hadi baada ya mavuno. Ijumaa Yusnidar alisoma insha yake kwa sauti, bila kufuta mtu, na mwalimu akaliandika jina lake. Syafril hakuja kusikiliza. Alisema ana pikipiki ya kutengeneza.